Jina la Bi Chausiku Kwenye Kundi la Sare

Nyie vijana mliopewa vitambulisho vya usaidizi wa kisheria juzi, mkapiga navyo picha mmekenua meno yote, nawapongeza. Mwenyekiti wenu amenibana niwaandikie kurasa chache za uzoefu wangu. Nilimwambia uzoefu wangu mwingi siku hizi uko kwenye magoti. Akacheka, akasema, "Mzee Kondo, andika hivyo hivyo." Basi msinilaumu. Mimi si mtu wa kuanza mwanzo nikaenda mpaka mwisho. Hata mke wangu akiniuliza nimetoka wapi, naanzia katikati.

Kazi hii nimeifanya Kibaha na Kisarawe mpaka nikaanza kuwasaidia wajukuu wa watu niliowasaidia zamani. Mengi yalikuwa ya mashamba, mirathi na talaka. Habari za bandari kavu zilipoanza kuvuma kule Kwala, loh, kila mtu alikumbuka kwamba babu yake alikuwa na shamba huko, hata wale ambao babu zao hawakuwahi kuvuka Ruvu. Lakini mkiniuliza shauri ninalolipenda kuliko yote, wala si la shamba. Ni la bibi mmoja wa Marui, kule Kisarawe, hospitali moja ya Kibaha ambayo sitaitaja jina, na picha iliyotoka kwenye simu.

Ila kabla sijafika huko, niwaambie habari za mlango.

Ofisi yetu pale Kibaha ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maduka. Mlango ulikuwa haufungi, dirisha halina kioo, na nje ya dirisha kulikuwa na muuza chipsi. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mwinshehe, Mungu amrehemu, karani wa mahakama aliyestaafu. Mtu mfupi, mkali, mwenye kofia nyeupe isiyochafuka hata wakati wa vumbi. Nikiwa bado mgeni pale, akaja mama mmoja analia habari za mumewe. Mimi nikajifanya mjuzi, nikamwambia aeleze. Akaeleza yote, na sauti alikuwa nayo. Alipomaliza, kabla sijafungua mdomo, muuza chipsi akaingiza kichwa dirishani, mwiko mkononi, akasema, "Mama, mimi ningekuwa wewe ningedai na kitanda."

Mama wa watu aliondoka na hakurudi tena. Mzee Mwinshehe hakunigombeza. Alikwenda akarudi na nyundo, misumari na mbao, akaniwekea mezani juu ya vitabu. "Leo husomi sheria," akaniambia. "Leo unatengeneza mlango."

Nikautengeneza, ukakaa upande, lakini ukafunga. Muuza chipsi alininunia muda mrefu, maana nilimkatia burudani. Tangu hapo utaratibu wetu ukawa huo: funga mlango, mpe mtu maji, ndipo umuulize. Na swali la kwanza la Mzee Mwinshehe halikuwa "umefanyiwa nini?" Lilikuwa "unataka nini?" Alikuwa akisema mtu aliyeumizwa anajua anachotaka kabla hujamfungulia kitabu, sasa wewe ukianza na vifungu utamsahaulisha. Nami naamini hivyo mpaka leo, ingawa swali hilo liliwahi kunitoa jasho, kama mtakavyoona.

Sasa Bi Chausiku. Huyu namjua tangu utoto, maana asili yangu ni Kisarawe hiyo hiyo. Ni kungwi. Kwa mliokulia mjini mkalelewa na televisheni, kungwi, ambaye aliyefundwa humwita somo, ndiye anayemfunda msichana wetu anapokuwa mwali. Anakaa naye ndani, anamfundisha utu uzima, na siku ya kumtoa, ngoma ikipigwa, anatoka naye mbele ya watu na kumlisha tonge la kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Yanayosemwa kule ndani mwanamume hayajui. Niliwahi kujaribu kuyasikiliza nikiwa kijana, nikamwagiwa maji ya vyombo. Aliyenimwagia ni yeye.

Mwaka wa mwisho kabla sijastaafu, asubuhi moja nikamwona anaingia ofisini, buibui limejaa vumbi la safari, uso umekaza.

"Shikamoo, Bi Chausiku."

"Marahaba, Kondo. Funga mlango."

Nikajua kuna jambo. Hata maji alikunywa amesimama.

Mambo yalikuwa hivi. Bi Chausiku alikuwa anatibiwa kwenye kliniki ya hospitali ile ya Kibaha, kimyakimya, bila mtu wa Marui kujua. Ndiyo maana alikwenda mbali. Hospitali yenyewe ilikuwa imehamia kwenye kompyuta, na mtandao wa pale ulikuwa na tabia ya kukata. Wafanyakazi wakabuni ujanja wao. Asubuhi mtandao ukiwepo, wanapiga picha skrini kwa simu zao, ili ukikata wajue nani anakuja na anachukua dawa gani. Wakubwa walijua, wadogo walijua, na hakuna aliyesema acheni.

Pale mapokezi kulikuwa na binti anaitwa Zuhura. Naye ni wa Marui. Dada yake, Mwanaidi, alikuwa na mwali ndani, bintiye Rehema, kamaliza kidato cha nne, na kina mama walikuwa na kundi lao kwenye simu la kuchagua sare ya siku ya ngoma. Mambo ya sare mnayajua wenyewe, wanawake wanaweza kugombana wiki nzima juu ya rangi ya njano. Zuhura alipotoka kazini akapita duka la vitenge, akapiga picha moja baada ya nyingine. Jioni akaziteua zote kwa mkupuo, akazirusha kundini. Kitenge cha bluu, kitenge cha maua, kitenge cha njano, na pamoja navyo skrini ya kliniki aliyoipiga asubuhi: majina, umri, namba za simu, ugonjwa na dawa.

Binti wa watu alipokuja kushtuka akaifuta. Lakini kina mama walikuwa wameshaikuza kwa vidole viwili, na wengine walishaihifadhi. Jina la Bi Chausiku lilikuwa juu kabisa.

Siku chache baadaye kukawa na kisomo cha hitma kwa jirani. Mnajua tunavyokula, sinia moja watu wanne watano, mkono kwa mkono. Bi Chausiku akanawa, akakaa. Mmoja akakumbuka mtoto wake analia. Mwingine akasema kumbe ameshiba. Mwingine hakusema kitu, aliinuka tu. Akabaki peke yake na wali wa watu watano.

"Nilikula, Kondo," aliniambia. "Nilikula taratibu mpaka nikashiba, nisiwape raha. Lakini haukuwa na ladha."

Na kama hiyo haitoshi, Mwanaidi akaja kwake na kilo ya sukari, macho chini, akamwambia, "Somo, safari hii upumzike. Umri umekwenda. Tumempata mtu kutoka Mzenga wa kumtoa Rehema." Mwanaidi huyu Bi Chausiku ndiye aliyemfunda na kumtoa, tena na mdogo wake Zuhura. Kamlisha tonge la kwanza kwa mkono ule ule ambao sasa unaogopwa. Hapo ndipo alipolia, mbele yangu, na mimi nikatazama ukuta kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba yule mama anaweza kulia.

Najua mnachosubiri. Mnataka nitaje alikuwa anaumwa nini. Wengine mmeshaanza kubuni. Sitaji ng'o. Ningeweza kuwaambia angalau kama ugonjwa ule unaambukizwa kwenye sinia au hauambukizwi, lakini hata hilo ni kusema nusu. Mkitaka kuifanya kazi hii, anzeni leo kuzoea kutojua.

Basi nikamuuliza swali la Mzee Mwinshehe. "Unataka nini, Bi Chausiku?"

Hakufikiri hata kidogo. "Nataka nimtoe Rehema."

Hapo ndipo jasho liliponitoka. Tafuteni sheria zote, za kabla ya uhuru na za juzi, hamtakuta kifungu cha kumrudisha kungwi kwenye shughuli. Nikamwambia ukweli: "Hilo sheria haina. Lakini ina mengine, na huenda mojawapo likatufikisha karibu." Akanitazama kwa dharau kidogo, kama mtu aliyeomba samaki akaambiwa kuna mchicha, akasema haya, sema.

Nikamwekea njia mezani, na nyie zisikilizeni, maana kesi za namna hii zitawajia nyingi. Kwanza ni hospitali yenyewe: unawaandikia, unawataka waseme nini kimetoka, kimewafikia kina nani, na wamefanya nini kukizuia. Wengi wanairuka hatua hii kwa hasira, halafu baadaye hawana cha kuonyesha kwamba waliomba wakanyimwa. Pili, siku hizi tuna sheria ya taarifa binafsi, na kuna tume ya kupokea malalamiko. Inachunguza, inaweza kuagiza mambo yarekebishwe na mtu alipwe fidia, na asiyeridhika anaweza kwenda mbele zaidi. Mahakama nayo ipo, lakini huko mtafute wakili. Sisi wasaidizi wa kisheria hatusimami mahakamani kumtetea mtu, na atakayejaribu kuvaa tai aingie naye, msimtaje kuwa mwanafunzi wangu. Aliyevujisha akiwa ni daktari au muuguzi, kuna baraza la taaluma yake. Na mtu akiisambaza picha kwa makusudi ya kumdhalilisha mwenzake, polisi wanahusika. Halafu iko suluhu, kukaa mkazungumza, mradi mlichokubaliana kiandikwe na kutiwa saini, si "tumeyamaliza" halafu kila mtu anakwenda kivyake. Sheria zinabadilishwa, kwa hiyo msinishike mimi, someni iliyopo siku hiyo.

Bi Chausiku alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja lililonimaliza. "Huko kote, Kondo, nitatakiwa niseme naumwa nini?"

Ndiyo tatizo la mashauri haya, wanangu. Mtu aliyeibiwa kuku anakwenda kupiga kelele sokoni, na kila anayesikia anamsaidia kutafuta. Aliyetolewa siri yake kila anapopiga kelele anaitoa tena. Nikamwambia tutaomba faragha kila mahali, na tutaandika "taarifa za afya" tu, basi. Aliyeumia si lazima arudie kidonda chake kila ofisi.

Nikasema kwa madaha makubwa, nikijiona mtaalamu, "Sasa tunahitaji ushahidi. Ile picha unayo?" Anayo, mjukuu wake alimhifadhia. Nikamwambia vizuri sana, usiifute, nipe simu nikaichape hapo steshenari ya jirani. Nikainuka. Nikashika kitasa.

"Steshenari wanaichapaje?" akauliza.

"Unamrushia yule kijana kwenye simu yake, anai..." Nikatazama kitasa. Mlango ule ule niliougonga misumari kwa mkono wangu nilikuwa nimeushika, natoka kwenda kuivujisha siri mara ya pili.

"Kaa chini, Kondo," akasema. Nikakaa. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya buibui, na kwa kweli nilifurahi, hata kama nilichekwa mimi. Picha ikabaki kwenye simu yake, simu ikabaki kwenye mkoba wake, na mkoba ukabaki kwapani. Tulipotakiwa kuionyesha, tuliionyesha kwa aliyepaswa kuiona, tukairudisha. Fanyeni hivyo.

Tukawaandikia hospitali. Tukapeleka malalamiko na kule kwenye tume. Haikuchukua muda hospitali wakatuita, wakatupa soda baridi na habari waliyodhani ni njema: Zuhura wameshamfukuza kazi, kwa hiyo suala limekwisha.

Bi Chausiku aliiweka ile soda chini. "Nani aliwaomba mumfukuze mwanangu?"

Bwana mmoja wa utawala akasema, "Bibi, si ndiye aliyekukosea?"

"Amenikosea, na nitamwambia mwenyewe, wala hatasahau. Lakini kupiga picha skrini alifundishwa na nani? Si hapa hapa?"

Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema hayo hayo kwa lugha ndefu ya kisheria, nikaona nikae kimya. Lakini nyie yashikeni. Anayekusanya taarifa za watu ndiye mwenye wajibu wa kuzilinda. Mara nyingi watawaletea kichwa cha mfanyakazi mdogo kwenye sahani ili mrudi nyumbani. Msikipokee. Ukikipokea, kesho skrini zitapigwa picha na mwingine.

Ikapangwa siku ya mazungumzo, na wakili wao aje. Sasa ili kudai unatakiwa uonyeshe madhara. Si kusema tu "nimeumia", bali nini kimekupata kwa sababu ya kile kilichovuja. Madhara yetu yalikuwa wazi: alikuwa amtoe mwali, ameondolewa. Na shahidi wa hilo alikuwa mmoja tu, aliyemwondoa. Mwanaidi mwenyewe.

Nilifunga safari mpaka Marui, nikamkuta anapepeta mpunga. Kumwomba mtu aje kushuhudia ubaya alioufanya yeye si kazi ndogo. Nilizunguka sana, nikasifia mpunga, nikasifia uzio, mwishowe akaniambia, "Mzee Kondo, sema kilichokuleta, mpunga ni wa jirani." Nikasema. Aliendelea kupepeta. Kisha akasema, "Nitakuja. Ila sitaweza kumtazama usoni."

Siku ile tulikaa kwenye chumba cha mikutano cha hospitali, mlango umefungwa, nilihakikisha mwenyewe. Wakili wao alikuwa kijana mpole, msafi, alitusalimia sote shikamoo kwa zamu, na sina ubaya naye, alikuwa anafanya kazi yake. Bi Chausiku alikaa upande huu, Mwanaidi mwisho wa meza, mtandio umeshuka mpaka machoni. Zuhura naye aliitwa, akakaa karibu na mlango, amekonda.

Wakili akamgeukia Mwanaidi. "Mama, wewe uliiona ile picha kundini?"

"Niliiona."

"Na kwa sababu ya ulichokisoma ukamwondoa bibi kwenye shughuli?"

"Ndiyo."

"Sasa tusaidie. Ulisoma nini, hasa, kuhusu bibi?"

Nikaanza kuinuka kupinga. Bi Chausiku akanishika mkono chini ya meza, nikakaa. Alikuwa hatazami mtu, ametazama mikono yake tu. Mwanaidi alifungua mdomo. Nikaona jina la ugonjwa limemfika kwenye ulimi, nasi sote tukalisubiri, maana lilishasemwa visimani na mashambani, lilishapita kwenye simu za watu, lingekuwa jambo gani kulisema mara moja zaidi?

"Sisemi," akasema Mwanaidi.

Wakili akadhani ameona haya. "Hapa ni faragha, mama, hakuna litakalotoka."

"Sisemi!" Sasa akapandisha mtandio, akamtazama. "Huyu ni somo wangu. Mimi nilikaa ndani mbele yake nikiwa mtoto, akayajua yangu yote, mpaka ya kwetu nyumbani ambayo mume wangu hayajui. Hajawahi kumwambia mtu. Hata siku moja! Mimi nimemjua lake moja tu, nikalibeba mpaka kisimani." Akaushika ukingo wa meza. "Kilichoandikwa sikisemi. Mimi nilimwondoa kwenye shughuli ya mwanangu, na nilimwacha peke yake kwenye sinia, niliyesema nimeshiba ni mimi. Hayo ndiyo madhara. Andika hayo."

Kule karibu na mlango Zuhura alikuwa analia waziwazi, kama mtoto. Wakili akaweka kalamu chini. Nakuambieni nimekaa kwenye vikao vingi, vya mashamba na vya watu kutoana macho, sijawahi kusikia ushahidi mzuri kuliko ule, na ulitoka kwa mtu aliyekataa kujibu swali.

Watu wa hospitali wakaomba watoke kidogo wazungumze wenyewe. Waliporudi walikuwa kama watu wengine. Yaliandikwa, tukatia saini: hospitali inakiri kosa ni lake, Zuhura anarudi kazini, simu binafsi hazipigi tena picha skrini, na mtandao ukikata wana daftari linalofungiwa kabatini. Wagonjwa wengine wote waliokuwa kwenye ile picha wapewe taarifa, kila mmoja peke yake, maana wao walikuwa hawajui hata kama wamevuliwa nguo, na kila mmoja ana haki ya kwenda kwenye tume kivyake. Waliokuwa kundini wapigiwe waambiwe waifute, na waelezwe kwamba atakayeisambaza naye ataulizwa. Fidia ilikuwepo. Kiasi chake anakijua mwenyewe, na mkiniuliza nitawapeleka mkatengeneze mlango.

Lakini mnakumbuka alichotaka. Halikuwa kwenye ile karatasi, na lisingeweza kuwepo.

Tulitoka mpaka getini. Nilikuwa natafuta la kumwambia, kitu kama "sheria imefika mwisho wake, Bi Chausiku", maneno ya kijinga ambayo sisi watu wa ofisi huwa nayo. Mwanaidi akatupita, akasimama mbele yake, akapiga magoti pale pale kwenye kokoto, watu wanapita na dawa zao.

"Shikamoo, somo."

Bi Chausiku akauweka mkoba wake sawa kwapani.

"Marahaba."

"Yule wa Mzenga nitamwomba radhi leo leo. Nani atanitolea mwanangu?"

Bi Chausiku akamtazama kuanzia mtandio mpaka magoti. "Inuka, unachafua gauni," akasema. "Sare yangu imeshashonwa siku nyingi. Ulifikiri nitaivaa wapi, sokoni?"

Sare ilikuwa ya kile kitenge cha maua, kilichokuja kundini pamoja na ile picha. Tangu siku ambayo Marui nzima ilimkimbia, alikuwa amekwenda kwa fundi akashona. Mimi hapo nilijifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Nilialikwa kwenye shughuli. Wanaume tulikaa upande wetu, nikala pilau, nikatulia, safari hii hakuna aliyenimwagia maji. Ngoma ilipokolea wakamtoa Rehema, amepambwa, anang'aa, na Bi Chausiku mbele yake kwenye sare yake, anacheza kwa mabega tu maana miguu nayo ina umri wake. Zuhura alikuwa nyuma yao akibeba sinia. Huyo alishaitwa mapema na somo wake, wakajifungia ndani wawili tu, na alilofundishwa humo mimi silijui. Alitoka macho mekundu.

Sinia likawekwa katikati, mbele ya watu wote, na wote wale walikuwa wanajua. Ngoma ikanyamazishwa. Bi Chausiku akanawa, akafinyanga tonge, akamlisha mwali. Rehema akatafuna, akameza, vigelegele vikaanza lakini havijakolea, wanawake wengine bado wanatazamana.

Hapo Mwanaidi akasogea. Halikuwa kwenye mila, mama wa mwali huwa halishwi. Akakaa chini mbele ya sinia, mtu mzima na watoto wake, akafungua mdomo, akangoja. Bi Chausiku akamtazama, akafinyanga tonge jingine, kubwa kuliko la mwali, akamtia mdomoni. Mwanaidi akatafuna huku machozi yanamtoka. Kisha kina mama, mmoja mmoja, wakaanza kukunja mikono ya magauni yao, wakaomba maji ya kunawa, wakakaa.